Kamba Usiizungushe Mkononi

Nilimjua farasi kwa jeraha kabla sijamwona.
Zamu ya usiku, Bombo. Semkiwa kaletwa kwa bodaboda,
mkono umefungwa khanga, khanga imelowa,
kidole cha pete kimebaki Pongwe, ndani ya kitanzi.
"Usitikisike," nilimwamuru. Hakutikisika.
"Mashine ya katani?"
Akacheka huku meno yamekaza:
"Farasi, sista. Wala hana kosa.
Lori lilipasuka tairi, yeye akakimbia.
Nani alinituma nijifunge naye?"

Miezi saba imepita. Nimesimama uani kwake
nimevaa suruali ya kaka yangu, viatu vya kisigino kifupi,
kofia ngumu inayonuka jasho la watu nisiowajua.
Leo mwenye amri ni yeye.

"Nyuma yake usipite kimyakimya.
Asiyebisha hodi, kwa farasi ni mwizi.
Ama umguse, umtembeze kiganja mpaka upite,
ama upite mbali, kama unavyompita mtu anayekudai."

Jike la kahawia, jina lake Kashata.
Nilinyoosha mkono nimpapase uso, kama mtoto wa jirani.
"Hapo mbele ya paji haoni. Anza shingoni."
Basi nikaanza shingoni.
Ngozi ilicheza chini ya vidole vyangu,
kisha ikatulia.

"Masikio yakilala nyuma, usimbishie."
Hilo sikuhitaji kufundishwa:
nimewaona wangapi wodini, wanakujibu "sijambo, sista,"
na vidole vya miguu vimekunjamana chini ya shuka.

Tulipanda. Kikukuni, nusu ya mbele ya kiatu tu.
"Ukianguka, mguu utoke.
Yeye hatajua kama umening'inia."
Alilisema hilo taratibu,
akiukaza mkanda wa tumbo, akiukaza tena,
akimsemesha Kashata Kibondei, maneno ya nyumbani.

Tukaingia barabara ya mkonge, watatu:
Semkiwa mbele, mimi kati,
nyuma mwalimu Mhando wa hesabu, juu ya dume jeupe.
Kulia mkonge, kushoto mkonge,
kila jani na sindano yake nchani.
Reli ya zamani ya trola imelala nyasini, imekula kutu.
"Mwalimu! Kati ya farasi na farasi, nafasi ya farasi mzima!"
Mwalimu akajibu anakadiria.
Akakadiria vibaya.
Masikio ya Kashata yakalala.
Mwalimu akavuta hatamu, safari hii bila hesabu.

Ndipo kware wakaruka,
sita, saba, kama kitambaa kinachochanika,
na Kashata akaruka pembeni, nami nikabaki hewani
kwa muda wa neno moja ambalo sikulimaliza.
Mkono wangu, mkono huu unaoshona watu,
ukataka kuizungusha hatamu, mara moja, mara mbili,
ushike kitu, ushike chochote.
Mbele yangu kiganja kikainuliwa. Vidole vinne.
Pengo la cha tano nililishona mimi, nyuzi kumi na moja.
"Pumua," akasema. "Atakusikia."
Nikalegeza. Nikapumua mpaka tumboni.
Akapumua naye, pumzi ndefu yenye mate,
akashusha kichwa, akang'ata nyasi za watu.

Hatukukimbia. Mwalimu alitamani, akakataliwa.
Turudi kama tulivyokwenda, alisema Semkiwa,
farasi akinusa nyumbani husahau kuwa amembeba mtu.

Langoni alinikabidhi kamba, afungue komeo.
Niliikunja tabaka juu ya tabaka, kama nikunjavyo shashi,
nikaishika katikati, hakuna kitanzi hata kimoja.
Akatazama. Hakusifu.
Kashata ndiye aliyesogea,
akaweka pua kwenye mkono wake wa kulia,
pale pasipo na kidole,
akanusa, akanusa tena,
kama ninavyolisoma faili
la mgonjwa niliyemshona mwenyewe.