Upande Wenye Krimu

Rafu ya tatu, kushoto kwa viberiti,
hapo ndipo zimekaa tangu nifungue duka hili Kaloleni,
mwaka ule upepo ulipong'oa mabati ya kanisa.
Biskuti mbili za kahawia zimekumbatia krimu nyeupe,
basi.
Hakuna siri. Unga, sukari, mafuta,
na harufu inayoruka ukuta wa kiwanda kule Enterprise Road
hadi wafanyakazi wa zamu ya usiku hurudi nyumbani wakinukia,
mbwa wakiwafuata.

Nimeona mengi yakipita kwenye rafu hiyo.
Zilikuja za ladha ya ndizi, hata nzi hawakudanganyika.
Zilikuja za karatasi ya dhahabu, kutoka Dubai,
zenye krimu ya waridi na picha ya binti anayecheka;
wiki tatu, mteja wake akawa panya peke yake.
Wakala akaja na tai yake, akasema,
"Mama Kwamboka, dunia inabadilika."
Nikamwambia ibadilike tu,
ila aniletee katoni mbili za zile za kawaida.

Bei imepanda. Nakumbuka shilingi mbili,
nakumbuka tano, sasa kumi,
na kwa hiyo kumi pakiti imekonda kama mgonjwa.
Watoto hawahesabu. Akina baba ndio wanaohesabu:
wanaigeuza mkononi, wanaguna, wananunua.

Kila mtu ana dini yake ya kuila.
Oduya, fundi wa redio, huichovya kwenye chai ya rangi
akihesabu moja hadi nne. Akifika tano inazama,
naye huiopoa kwa kijiko kama anayetoa maiti mtoni.
Mwalimu Syombua huitafuna ukingoni, akiizungusha,
mpaka ibaki duara ndogo kama sarafu.
Na wale pacha wa Zuhura, nyumba namba kumi na nne,
walilamba krimu yote, wakabandika vipande kwa dawa ya meno,
wakamuuzia mtoto wa mchungaji.
Mtoto akala, akasema ni ladha mpya,
kesho yake akaja dukani kuiulizia.

Mimi?
Mimi krimu siipendi.
Nitasemaje hayo, mwenye duka, miaka ishirini na sita?
Inaniuma meno.
Aliyeipenda ni Nyamweya, mume wangu.
Saa tatu usiku, nikishafunga wavu na kujumlisha madeni,
alikuwa akichukua moja, akaishika kwa vidole pande zote mbili,
akaizungusha taratibu, kama mtu anayefungua saa isiyo yake.
Krimu huegemea upande mmoja.
Haigawanyiki sawa, haijawahi.
Upande huo wake. Ule mkavu wangu.
Hatukuwahi kupatana kwa maneno.
Tuligombana kuhusu karo, kuhusu dada yake,
kuhusu kiwanja cha Ruai ambacho hati yake sijaiona mpaka leo,
lakini mkono wake ulinijia na nusu yangu
hata siku tulizonuniana.

Watu husema inapendwa kwa sababu ni rahisi.
Labda. Mandazi pia ni rahisi.
Mimi nadhani ni kwa sababu inafunguka.
Ukiwa na shilingi kumi tu, na hasira juu yake,
bado unaweza kufungua kitu, ukampa mtu nusu.

Mwezi wa nne umetimia mwaka wa pili.
Jana usiku nilifungua moja, mazoea tu.
Nikala upande wangu.
Ule mwingine nikauweka juu ya daftari, krimu ikitazama taa,
nikakaa nao kidogo kama mtu anayesubiri chenji.

Asubuhi sisimizi walikuwa wameupata:
mstari mwembamba kutoka dirishani,
ukikatiza deni la Oduya, deni la mchungaji.
Sikuwafagia.
Mtoto wa kwanza akagonga kaunta kwa sarafu.
"Mbili," akasema. "Zile."
Jina hakulitaja.
Nikanyoosha mkono bila kuangalia.