Daftari la Sukari

Muganga Nankafu, kule kituo cha afya cha Kadutu,
alinichoma kidole, akakitazama kile kimashine,
akanipa daftari la kurasa thelathini na mbili.
"Andika kila kinachopita mdomoni. Usinidanganye.
Damu yako itakusengenya."

Jumatatu.
Chai, vijiko vine. Mkate wa Nyawera, nusu.
Nusu ya pili niliila nimesimama
(nilidhani kiliwacho wima hakihesabiwi).
Mchana, bugali wa muhogo, mlima mzima,
na sombe kando, kidogo, kama aibu.

Jumanne sikuandika.

Jumatano mama mkwe akashuka Kavumu, katoka Lubumbashi
na mfuko wa vinkubala vikavu ndani ya sanduku.
Akavipika kwa nyanya na karanga. Wanangu wakakimbilia uani.
"Ninyi watu wa Kivu," akasema Mama Ngoie,
"mnakula sambaza na macho yao yakiwatazama,
halafu mnamwogopa mdudu
aliyekula majani tu maisha yake yote?"
Nikala. Kumi na saba. Nimeandika.

Lakini naye ana daftari lake, huko Katuba.
Bukari wa mahindi, mweupe, uliokobolewa ukabaki wanga,
asubuhi, usiku, na ukiwepo uporo, katikati.
Vidonge vyake amevifunga kwenye pindo la kitenge.
Kwa hiyo hatukubishana sana
ni kwa nani wanakojua kula.

Nikamgeukia baba, mzaliwa wa Walungu:
Zamani mlikula nini, mbona hamkuugua sukari?
Nilitaka anisifie mateke, maharage, maboga,
maziwa yaliyoganda kibuyuni,
niandike dawa, niandike neno moja: turudi.

Baba akatafuna kimya, kisha:
"Tulikula muhogo. Asubuhi muhogo, jioni muhogo.
Dada yangu Nabintu nywele zikawa rangi ya ndevu za mahindi.
Miguu ikavimba. Ukibonyeza, shimo la kidole linabaki.
Bwaki.
Majirani walisema mtoto amenona.
Ng'ombe tulikuwa nao, ndiyo.
Maziwa yalikwenda sokoni, yalikwenda kwa wageni.
Mimi nilipona kwa kuwa nilichunga:
nilinyonya kiwele kilimani, peke yangu, kama ndama,
na mpaka leo sikuwahi kumwambia mtu."

Ijumaa. Chakula sikuandika.
Niliandika Nabintu.

Usiku nikaanza kukihoji kila kilichomo jikoni.
Muhogo, unatoka wapi? Ng'ambo ya bahari, wanasema.
Mahindi nayo ng'ambo. Maharage vilevile.
Hata sambaza, wazee wanasimulia,
walipandikizwa ziwani kutoka Tanganyika.
Nilikuwa nikitafuta chungu cha mababu,
nikakuta chungu kimejaa wageni,
na wageni hao hawana ubaya, isipokuwa mmoja
akikalia sahani nzima, asimpishe mwingine.

Na kitu kingine, baba alikitaja akiwa tayari mlangoni:
"Sisi sahani yetu iliwa na kilima.
Unakula, unapanda, kilima kinachukua nusu yake.
Wewe unapanda pikipiki."

Jumamosi nikapanda ngazi za Kadutu kwa miguu.
Nilipumzika mara nne. Muuza lengalenga alinicheka,
nikanunua mafungu mawili kwa hasira.

Muganga Nankafu akasoma ukurasa kwa ukurasa,
kalamu yake nyekundu ikichapa, ikichapa.
Ilipofika Ijumaa ikasimama.
"Nabintu ndiyo nini?"
Nikamwambia.
Hakuuchora ule ukurasa. Aliukunja pembe, taratibu,
kama mtu anayefunika mtoto.
Kisha akavuta kidole changu.
"Chai ya leo, vijiko vingapi?"
"Viwili."
Kimashine kikalia.
"Vitatu," akasema.