Kidonge cha Jua

Dundee, Desemba. Saa kumi kasorobo
jua limeshafunga duka.
Catriona ananiletea kikopo chenye barafu:
kipande cha ngozi, kipande cha utumbo,
mtu mmoja, namba moja. Jina hatupewi.

Nazikamua seli, nazichuja, nazipaka rangi za kung'aa,
nazipitisha mojamoja mbele ya leza
kama ng'ombe mlangoni mwa josho.

Zote ni seli T. Zote zilisomea
tezi ileile nyuma ya mfupa wa kifua,
shule ambayo wengi hufeli na kufa kimya.
Lakini zitazame sasa:
ya utumboni imeota kipokezi
kwa kuwa mwenye mwili alikula karoti.
Ya ngozini ina kingine,
kazi ya jua, lile haba la Juni,
lililomkuta mtu huyo bustanini
amekunja mikono ya shati, anang'oa magugu.

Jeni hazikubadilika hata herufi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
humu ndani jembe humwotea kiganjani.

Nikaihamisha ya ngozini kwenye bakuli la plastiki.
Nikaipa chakula, joto, hewa,
kila kitu isipokuwa ngozi.
Jumatatu mchoro ulisimama kama kilima.
Alhamisi umeteremka.
Kipokezi kinafifia
kama alama ya pete kidoleni mwa mjane.

"Huyu ni wewe," Catriona alisema, akicheka,
kikombe cha chai mkononi.
Nikamjibu: seli haina mama Tukuyu.
Sipendi mifano ya haraka.
Seli haikumbuki. Inagusa ilipo, inajibu.

Usiku Tumpe akapiga simu.
Akauliza kama nimekula, nikamwambia ndiyo.
Akanyamaza.
"Dada, mbona hiyo ndiyo yako
unaisema huku unavuta pumzi ndani?"

Sikujua. Nikairudia, kwa sauti, jikoni, peke yangu.
Kweli: hewa iliingia badala ya kutoka,
vile anavyoitikia mama wa duka la mikate
ninapomwambia leo baridi kali.
Hakuna aliyenifundisha.
Miaka sita nanunua mikate tu.

"Tumpe," nikasema, "upo?"
Salio lake lilikuwa limekwisha.

Nikameza kidonge changu cha vitamini D
kwa maji ya bomba, nikazima taa.
Kesho kuna wengu.