Ukurasa wa Sabini na Moja

Jumamosi hapa Valdivia haipambazuki, inavuja.
Mvua imeanza Alhamisi, nayo haina haraka,
inagonga bati kama mgeni aliyekwisha jua hafukuzwi.
Nami sina haraka. Posta imefungwa,
mfuko wangu wa barua unaning'inia msumarini,
mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Edelmira anaponda boga.
Boga, unga, mafuta kidogo, chumvi ya kukadiria kwa jicho.
Anasukuma, anakata duara kwa mdomo wa bilauri,
kila duara analichoma uma mara mbili
lisije likavimba kichwa.
Ukiyala gizani utasema ni maandazi
yaliyokwenda ughaibuni yakasahau sukari.
Yeye huyaita sopaipiya.
Mimi huyaita moja, mbili, tatu, nne,
mpaka nipigwe mwiko wa mkono.

Mama mkwe, Bi Hortensia, yuko ubavuni mwa jiko la kuni,
paka miguuni, na juu ya kichwa chake soksi zetu zinakauka
kama bendera za nchi zilizoshindwa vita.
Hasemi sana. Akisema, ni habari za kuni:
"Mbichi hizi. Muuzaji kakupunja."
Kanipunja kweli. Moshi ni shahidi.

Alasiri nafungua kitabu cha nyuki
nilichoazima maktaba tangu mwezi wa nne.
Ukurasa wa sabini na moja: malkia anazeeka,
na watumishi wamelijua hilo kabla yake.
Naisoma sentensi, nasinzia, naisoma tena.
Sijui ni usomaji gani huu, ila ni mtamu.

Saa mbili usiku, tamthilia.
Waturuki wanaosema Kispania,
midomo ikichechemea nyuma ya maneno.
Yule daktari, binti wa watu, kapokea barua.
Vipindi kumi na tisa tumeingoja barua hiyo
(mimi ningeifikisha kwa siku tatu).
Anaishika. Anaigeuza. Anatia ukucha penye gundi –
zii.
Mtaa mzima giza.

Edelmira akailaani kampuni ya umeme na waliomzaa mwenye nayo.
Nikapapasa, nikapata mshumaa.
"Haifungui," akasema Bi Hortensia.
Tukadhani anasema dirisha.
"Hiyo barua. Haifungui.
Anaificha chini ya gunia la unga,
anaolewa na yule mwenye tishali la mchanga,
anazaa binti mmoja, mkaidi,
na kila akikanda, mikono inamnukia karatasi."
Paka akapiga mwayo.
Edelmira akalitazama gunia la unga.
Nami nikalitazama.
Hakuna aliyenyanyuka.
Miaka ishirini na sita nimegonga milango ya mji huu
nikidhani kazi yangu huishia mlangoni.

Jumapili mvua ilipumzika saa moja na nusu; tukaitumia yote.
Tulishuka mtoni, soko la samaki,
Bi Hortensia ndani ya koti langu la posta,
mikono imemezwa, kofia hadi nyusi.
Simba-bahari walikuwa wamelala chali kwenye jukwaa lao,
wakikoroma kama wajomba baada ya karamu.
Gumersindo akawarushia vichwa vya samaki;
shakwe akadaka kimoja hewani,
na bibi akacheka, kicheko cha msichana,
hata mwanawe akageuka kuona ni nani.
Tukanunua kome wa moshi, shada la mwani.
"Na unga," akasema.
"Unga upo, mama."
"Ule umezeeka."

Tuliporudi umeme ulikuwa umetangulia.
Televisheni inazungumza na viti.
Ni marudio: daktari analia, barua wazi mapajani.
"Mwongo," akasema Bi Hortensia,
akanyoosha mkono apewe sopaipiya ya jana.

Mvua nayo ikarudi mahali pake.
Kesho ni Jumatatu, mfuko unanikodolea.
Malkia bado anazeeka, ukurasa ule ule.
Na jikoni, gunia jipya limekaa juu ya la zamani,
zito, halijafunguliwa.