Mengineyo

Kikao cha Alhamisi, chumba cha juu ya dobi la hospitali,
Sunderland, saa mbili asubuhi, mvua inakuja kwa ubavu.
Chini yetu mashine zinakoroma na shuka za wodi.
Juu, viti kumi na vinne vimepangwa kama kanisani,
na Bwana Hatherley, Mungu amjalie pensheni ndefu,
analamba kidole kabla ya kila ukurasa.

Ajenda kumi na moja.
Ya kwanza: kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita,
ambacho nacho kilithibitisha za kile kilichokitangulia,
na hivyo hivyo kurudi nyuma, hata nikadhani
huko mwanzo palikuwa na kikao kimoja tu,
na hakuna aliyehudhuria.

Chai ikapoa. Tukakubaliana kwamba jambo ni zito.
Tukakubaliana lirudi wiki ijayo, likishakomaa.
Gurdeep wa magari alichora treni pembeni mwa karatasi:
miezi sita, mabehewa thelathini, stesheni haijaonekana.

Kisha, saa tatu na dakika ishirini na nane,
makoti mabegani, mkono wa mtu uko kwenye kitasa:
Mengineyo?

Na Halyna, ambaye sikuwahi kumsikia akifika nukta,
akakiambia kitasa, si sisi:
"Pasi namba tatu inaunguza. Tangu Machi."

Bwana Hatherley akatazama saa.
Akaandika: Yamejadiliwa. Kikao kikafungwa.

Penye wengi pana mengi, walisema wahenga.
Hawakusema mengi hayo hukaa wapi.

Mimi nilisomea ukatibu Tanga, kwa taipu isiyo na r.
Kila taarifa ilitoka taaifa,
nami jioni nilizijaza r zote kwa kalamu, moja moja.
Kwa hiyo waliponipa uenyekiti (nyongeza ya mshahara wakaisahau)
nilifungua jalada la Hatherley kwanza,
nikatafuta lile neno, Yamejadiliwa,
nikalipachika ha- na -ku- kwa wino mweusi.

Halafu nikapiga hesabu.
Watu kumi na wanne kwa saa moja na nusu
ni saa ishirini na moja za shuka zisizokunjwa:
wagonjwa wamelalia godoro tupu
ili sisi tukubaliane kwamba jambo ni zito.

Nikaita sita. Wanane wakanuna siku mbili,
ya tatu wakaniletea keki.
Jumatatu nikatuma karatasi, nyuma ya vocha ya nguo chafu.
Sikuandika "Hali ya Mashine",
maana kichwa cha habari hakijibiki.
Niliandika: Tuzime pasi namba tatu, ndiyo au hapana?
Viti nikavitoa, isipokuwa kimoja;
goti la Doreen lina historia yake.
Birika la umeme likawa saa yetu:
unaanza kusema, nalibonyeza; likijizima, umemaliza.

Na mengineyo nikayaleta mwanzo.

Walinitazama kama watu walioletewa bili kabla ya chakula.
Kimya.
Sikukijaza. Hilo ndilo gumu,
wala halimo kwenye fomu yoyote: mwenyekiti kunyamaza.
Birika likaguna, likatoa mvuke, likajizima.
Hapo ndipo Halyna alipoanza,
na sheria yangu nikaivunja mwenyewe, dakika ya nne.

Hakusema mengi. Alifungua kiganja,
akakilaza juu ya meza, katikati ya vikombe,
nasi sote tukakisoma.

Pasi inazimwa. Nani? Gurdeep. Lini? Kabla ya chai.
Mstari mmoja, jina moja, saa moja.
Tulishuka ngazi mvua ikiwa bado kwenye dirisha lile lile.

Wiki iliyofuata sikuitisha kikao.
"Vipi, leo hatukutani?" akauliza Doreen, koti mkononi.
Nikamwambia hatuna la kukutania.
Akacheka, sijui kwa lipi.

Gurdeep peke yake ndiye analalamika:
treni yake imekwama behewa la thelathini na mbili,
na hana tena pa kuichorea.