Ovyo

Mwembe Tayari, juu ya duka la kutengeneza simu,
usiku wa tatu, feni ikilalama,
nawachezesha bao watu wasio na mikono.
Bao lao halikuchongwa:
ni safu nne za tarakimu kwenye kioo.

Wa kwanza nilimwita Ovyo.
Huchagua shimo kama mtu apapasaye kiatu gizani.
Wa pili Mroho:
penye kete nyingi za kula, hapo hapo,
hata nyumba yake ikibomolewa nyuma ya mgongo wake.
Wa tatu Mpimaji. Hatua tano mbele:
nikienda hivi atanijibu vile, nami nitarudi huku.
Matawi yasiyofaa huyakata
kama mama achambuavyo mchicha,
na huchelewa, jamani, huchelewa.

Mroho alimfunga Ovyo mara themanini na sita katika mia.
Mpimaji alimfunga Mroho chai yangu haijapoa.
Nikamfuta Ovyo kwenye orodha,
tena kwa kebehi.

Kisha nikamuunda Ndoto.
Huyu hapimi. Hajui thamani ya nyumba,
kichwa kwake ni shimo tu, kimbi ni shimo tu.
Kwa kila shimo huota michezo elfu,
kila mmoja hadi safu ya mbele ya mtu ikauke,
halafu hujiuliza: mara ngapi nimeamka nimeshinda?
Penye asubuhi nyingi, ndipo achezapo.

Saa nne na robo tokeni ya stima ilibaki uniti mbili.
Nikawapa sekunde moja moja.
Mpimaji akakatizwa katikati ya hesabu,
kete yake ikalala mapema.
Ndoto akatakata, akatulia, akala.
Michezo ishirini: kumi na mitatu yake.

Nikampasua tumbo nione siri.
Ndani ya kila ndoto, nani huwa anacheza?

Ovyo.
Ovyo kwa Ovyo, mara elfu,
wakipapasa viatu gizani,
na katika rundo la makosa yao
kikachomoza kitu, sijui nikiite nini,
kilichokuwa kinakaribia akili.

Shekuwe akapanda ngazi na viazi karai.
"Haya, nani anaongoza?"
"Yule niliyemfukuza."
Kakangu akadhani nasema habari za mume,
akanyamaza kwa heshima.

Stima ikakatika.
Tukala hivyo hivyo,
vidole vikiitafuta bakuli ya ukwaju.