Pigo la Tatu

Niliitia mfukoni mwa koti, pamoja na tiketi ya treni
na nusu ya mkate wa jibini nilionunua Tbilisi alfajiri.
Ni ndogo. Ukiiona utadhani redio ya mlinzi.
Ile ya zamani niliiuza, jabali la chuma,
kila picha kioo chake kikinyanyuka na kuanguka, klak,
kama mlango wa jirani mwenye hasira.
Bega langu la kulia bado limeinama upande wake.

Kutaisi, mvua ya Novemba. Ukumbi unanuka ngozi,
jasho, na supu ya mtu kwenye jiko la umeme.
Mwalimu Vazha hakunipa mkono. Aliinua kidole:
"Picha, sawa. Kelele, hapana.
Mwaka juzi alikuja mmoja na mtambo wake,
kijana wangu akakosa hatua, goti likaenda."
Nikamfungulia kiganja.
"Hii haina kioo ndani," nikasema. "Haina hata kikohozi."
Akaitazama kama samaki aliyeshushwa bei.

Basi nikaizima sauti.
Wakaingia wanawake, magauni yakifagia mbao,
huoni mguu, huoni kisigino,
kana kwamba sakafu ndiyo iliyovutwa chini yao.
Nami nikapiga, nikapiga, kimya kama kope.
Nikajiona fundi.

Mapumziko, nikawasha skrini:
mistari.
Mistari ya manjano na myeusi
imelala juu ya nyuso zao kama kivuli cha ngazi.
Taa za ukumbi, hizi mpya za bei nafuu, hupepesa
upesi kuliko jicho linavyoweza kushitaki,
na kamera ikiwa bubu huisoma dunia mstari kwa mstari,
mfano wa mtoto anayefuatisha kitabu kwa kidole.
Hata akifika mwisho wa ukurasa, mambo yamekwisha kusogea.
Na Tsotne, aliyezungusha upanga peke yake:
upanga umepinda.
Chuma kile kilichotema cheche dakika kumi zilizopita
kimekuwa mundu.

Lamara mshona mavazi, pini tatu mdomoni,
akachungulia begani pangu, akasema bila kuzitoa:
"Miaka thelathini na moja nashona mikono ya makoti haya
isipasuke upanga ukipita.
Leo nimeuona ukitii kama uzi.
Hiyo usiifute. Nitumie."

Nitamtumia. Ila mimi nilitaka upanga ulionyooka,
na bila shata ya chuma haunyooki.
Nayo shata ina mlio, mdogo, tk,
kama mende juu ya karatasi;
lakini Vazha ana masikio ya paka.

Nikahamia nyuma ya Zviad, mpiga ngoma,
nikaanza kuuficha mlio wangu ndani ya wake.
Moja, mbili, tatu-na, moja.
Kidole kikangoja kiganja chake kishuke
kama mdeni anavyongoja giza apite mbele ya duka.
Mara mbili nilichelewa. Mara mbili Vazha akageuza shingo.
Nikaipandisha kasi, moja ya elfu ya sekunde,
chembechembe zikajaa gizani, nikaziacha;
jasho nalo lina chembe.
Miaka yote nilikuwa nikiufukuza mruko ukiwa hewani.
Huku nyuma ya ngoma nikasikia unapoanzia:
mguu ungali chini,
goti limekwisha kutoa taarifa.

Betri ya mwisho ikaanza kuwaka nyekundu, hizi ndogo hula sana,
Tsotne akaruka akatua kwa magoti yote mawili,
ukumbi ukatikisika hadi kwenye supu.
Nikabonyeza. Hakuna aliyegeuka.

Baadaye Vazha, bado bila mkono, alinisogezea bakuli.
Zviad alikuwa akifunga plasta vidoleni.
"Wewe," akasema, "unafaa.
Ila pigo la tatu unaliharakisha."

Nikacheka. Kisha, hotelini, nikazipitia zote, mia nne na kumi.
Kila penye pigo la tatu
Tsotne yuko chini,
ndiyo kwanza anavuta pumzi.